Alhamisi unavuka, Jumamosi unabaki

Najua watu wakirudi kutoka majuu wanatuletea stori zile zile: theluji, maghorofa, na jinsi walivyopotea kwenye treni za chini ya ardhi. Mimi nilikaa Ujerumani karibu miezi mitatu mwaka 2025, nyumbani kwa mama mdogo, na nimerudi na stori ya watoto wa shule na daraja. Usicheke. Daraja lenyewe lina mambo.

Mji anaokaa mama mdogo unaitwa Kehl. Ni mji mdogo tu, uko ukingoni mwa mto Rhine, na ukisimama pale ukingoni unaiona Ufaransa kama mtu wa Kigamboni anavyoliona jiji la Dar. Ng'ambo ndiyo Strasbourg, mji mkubwa, wenye jengo la Bunge la Ulaya na kanisa kuu la mawe mekundu. Tofauti na Kigamboni, huku hakuna kusubiri pantoni. Tangu mwaka 2017 kuna tramu, ile treni ndogo ya mjini, inatoka Strasbourg inapita juu ya mto mpaka Kehl. Wafaransa wanavuka kununua sigara, maana upande wa Ujerumani ni bei rahisi, na maduka ya tumbaku pale yamefuatana kama maduka ya simu Kariakoo. Wajerumani nao wanavuka kutafuta mikate na jibini. Mtu anaondoka nchi moja kwenda nyingine na kikapu mkononi na kandambili miguuni.

Mama mdogo yuko kule zaidi ya miaka 20, kazi yake ni kuuguza wazee. Binti yake ana miaka 15, kazaliwa huko huko, Kiswahili anacho ila kina kona za Kijerumani. Sasa nilipofika tu, mwezi Mei, hata begi sijalifungua, mama mdogo akaniambia:

"Mwanangu, Jumapili tunapata mgeni. Utalala naye chumba kimoja."

"Mgeni wa nani, mama?"

"Wa shule. Anatoka Poland. Atakaa wiki nzima."

Nikadhani labda ni mwalimu. Kumbe ni mwanafunzi, msichana wa miaka 15, ambaye familia haijawahi kumwona hata siku moja. Nikauliza, hivi mzazi gani anamtoa binti yake akalale kwa watu asiowajua, nchi nyingine? Mdogo wangu akanicheka. Akasema hata yeye mwezi wa kumi angekwenda kulala kwao huyo msichana. Ndiyo mpango wenyewe: leo wewe unakuja kwangu, kesho mimi nakuja kwako.

Nikaeleweshwa hivi. Nchi za Ulaya zina mradi mkubwa wa kubadilishana wanafunzi. Ulianza mwaka 1987 kwa wa vyuo vikuu, ukaitwa Erasmus. Wa shule za kawaida walianza kupata wao mwaka 1995, ukaitwa Comenius, na tangu mwaka 2014 yote imewekwa pamoja chini ya jina Erasmus+. Shule za nchi mbili tatu zinaungana, zinachagua jambo la kufanyia kazi, Umoja wa Ulaya unasaidia nauli, na watoto wanalala majumbani kwa wenzao. Ufaransa na Ujerumani wenyewe walitangulia. Baada ya kupigana vita tatu katika miaka 70, walitia saini mkataba tarehe 22 Januari 1963, na mwaka huo huo wakaanzisha ofisi maalumu ya kupeleka vijana huku na huku. Waliokwisha kuvuka kwa mpango huo mmoja ni karibu milioni 10. Wazee waliona kwamba mtoto uliyekula naye mezani si rahisi kumlenga bunduki.

Jina la Comenius lilinivutia, nikaulizia ni nani huyo. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, mwaka 1592. Alifukuzwa kwao kwa ajili ya dini yake, akakimbilia Poland, akazunguka nchi za watu maisha yake yote, akafia Amsterdam mwaka 1670 bila kurudi nyumbani. Kwa Kiswahili cha leo huyo bwana alikuwa mkimbizi. Liweke hilo kichwani, msomaji wangu, tutakutana nalo mbele.

Basi bwana, Jumapili jioni basi likafika, limejaa watoto waliosafiri kutwa nzima kutoka Wrocław, upande wa kusini magharibi wa Poland. Kwenye maegesho ya shule wazazi wamejipanga na makaratasi yenye majina kama wapokeaji wa watalii uwanja wa ndege. Wetu akashuka, mwembamba, nywele rangi ya majani makavu, usingizi machoni, begi kubwa kuliko yeye. Tulipofika nyumbani, kabla ya kuvuka kizingiti, akavua viatu, akafungua begi akatoa ndala zake mwenyewe za ndani. Mama mdogo akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, "Huyu kalelewa." Ameshinda hapo hapo.

Shule zilikuwa nne: wenyeji, Wapolandi, Waitaliano na Wahispania. Kazi yao ya pamoja ilikuwa mito. Kila shule iko karibu na mto, na kila kundi liliambiwa lije na chupa ya maji ya mto wa kwao yapimwe. Wapolandi walileta ya Oder kwa basi, bila tatizo. Wahispania waliokuja kwa ndege waliiweka yao kwenye begi la mkononi, wakanyang'anywa uwanjani, maana maji zaidi ya mililita 100 hayapiti pale. Wakafika mikono mitupu, wamekasirika, wanasema mto Ebro umekamatwa na polisi.

Na chakula! Kijerumani mlo wa jioni ni mapema, saa kumi na mbili, tena baridi: mkate, jibini, nyama za kukatakata, matango. Mhispania mmoja aliyepangiwa mtaa wa pili alipewa hicho, akala kidogo kwa adabu, akijua ni kitafunwa cha kumliwaza mgeni. Akakaa chumbani kusubiri chakula chenyewe. Saa tatu kimya. Saa nne, ambayo kwao ndiyo wakati wa kukaa mezani, taa zikazimwa. Akampigia mama yake Zaragoza kwa sauti ya chini kumwambia kuwa huku watu wanalala bila kula. Kesho yake shule nzima ilijua.

Kwetu hakukuwa na shida hiyo. Mama mdogo hawezi kumlaza mgeni na mkate mkavu. Jumatatu ilikuwa pilau, Jumanne wali wa nazi na samaki, Jumatano ugali, na binti wa watu akala kwa mkono mwenyewe bila kushurutishwa. Ulikuwa msimu wa asparagasi, zile mboga nyeupe kama mishumaa, ambazo Wajerumani wa upande ule wanazihusudu kama sisi na maembe ya Desemba. Mama mdogo anazipika kwa nazi. Mdogo wangu akaona aibu, mgeni akaomba aongezewe.

Usiku tulikuwa tunaongea, yeye kitandani, mimi kwenye godoro chini. Kiingereza changu cha kidato cha nne na chake cha shule vilielewana vizuri tu. Akanisimulia kuwa nyumba ya bibi yake pale Wrocław ina mabomba ya zamani yenye maandishi ya Kijerumani: moto, baridi. Kwa sababu gani? Kwa sababu mpaka mwaka 1945 mji ule ulikuwa wa Wajerumani, ukiitwa Breslau. Vita ilipokwisha mipaka ikasogezwa, Wajerumani wakaondolewa, na Wapolandi waliohamishwa kutoka mashariki, wengi kutoka Lwów, wakaletwa kukaa humo. Bibi yake alikuwa mtoto wa miaka minne, akakuta kitanda cha mtoto mwingine. Baba yake naye anakumbuka foleni za magari mpakani kwenda Ujerumani, mpaka Poland ilipoingia kwenye mpango wa Schengen tarehe 21 Desemba 2007. "Mimi sikuwahi kuona foleni hiyo," akasema. "Sisi tulipita tumelala."

Sasa nikupeleke kwa mtu wa pili wa stori hii. Darasani kwa mdogo wangu kuna kijana wa miaka 16, anatoka Uvira, Kongo, kule juu ya Ziwa Tanganyika. Alifika Ujerumani na mama yake na wadogo zake wawili miaka mitatu nyuma, wakaomba hifadhi, na tangu siku hiyo wanasubiri majibu. Wanakaa kwenye makazi ya wakimbizi, familia chumba kimoja, jiko la kuchangia. Kijerumani anakimwaga kama maji. Kwenye mradi wa mito yeye ndiye aliyekuwa anasimamia vipimo. Lakini mgeni hakuweza kupewa, maana mgeni utamlaza wapi? Mama mdogo akasema basi, mgeni wetu ni wa wote wawili, na kila jioni kijana akawa anakuja kula kwetu.

Siku ya kwanza aliponisikia naongea, aliweka kijiko chini. "Yaya, unatokea Tanzania ya wapi?" Yaya kwao ni dada au kaka mkubwa. Nikamwambia Dar, ila marehemu babu ni wa Kigoma. Akacheka, "Basi ni jirani." Kumbe mtu anaweza kumkuta jirani yake Ujerumani.

Alhamisi ya wiki ile ilipangwa safari ya shule kuvuka kwenda Strasbourg. Kwa Mpolandi, Mwitaliano, Mhispania na Mjerumani hilo si jambo, unapanda tramu kama unakwenda Mwenge. Kwa kijana wetu lilikuwa jambo. Mtu ambaye maombi yake ya hifadhi hayajajibiwa haruhusiwi kutoka nje ya Ujerumani. Ana karatasi ya kukaa, hana pasi ya kusafiria. Akivuka mto hatua kumi tu, amekwishavunja sheria.

Hapo ndipo mama mdogo, akiwa anaosha vyombo, alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Tarehe 30 Novemba 1994 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kuwa mwanafunzi wa kigeni anayekaa katika nchi mojawapo anaweza kwenda safari ya shule nchi nyingine ya umoja bila viza, mradi awe kwenye orodha ya shule na mwalimu awe naye. Orodha inaandikwa majina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia. Mkuu wa shule anatia saini. Kama mtoto hana kitambulisho chenye picha kinachokubalika, picha inabandikwa hapo hapo, na ofisi ya wageni inagonga muhuri kuthibitisha kuwa ni yeye na kwamba akirudi atapokelewa. Basi. Karatasi moja inabeba watoto wote.

Mwalimu wao wa jiografia alianza kuihangaikia tangu Februari. Ilipotoka kulikuwa na watoto saba juu yake, na kijana wa Uvira ni namba nne. Mdogo wangu aliniambia jamaa aliomba aione, akaisoma juu mpaka chini, akairudisha bila kusema kitu.

Alhamisi wakavuka. Mimi sikuwepo, lakini jioni mezani nilisimuliwa na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Walikwenda kuangalia jengo la Bunge. Walikwenda uwanja unaoitwa Place de la République. Muda ukaisha kabla ya kulifikia kanisa kuu. Wakati wa kurudi, tramu iliposimama upande wa Kehl, polisi wawili wakaingia. Hili halikuwa geni: Ufaransa ilirudisha ukaguzi mipakani mwaka 2015, na Ujerumani ikaweka wake kwenye mipaka yote ya nchi kavu tangu tarehe 16 Septemba 2024. Wengine wakatoa vitambulisho. Mwalimu akatoa orodha. Polisi akaangalia picha, akaangalia uso, akaita jina.

"Alisoma jina yangu muzuri kabisa," kijana akatuambia. "Hakukosea hata kidogo. Mwalimu mwenyewe alikosaka mwaka muzima."

Mama mdogo akamwongezea nyama bila kuulizwa.

Sasa Jumamosi. Kwenye safari hizi siku moja huachiwa familia, kila nyumba itembeze mgeni wake inavyotaka. Mgeni wetu alikuwa na ombi moja tu: alione kanisa kuu, hasa saa yake kubwa yenye mitume wanaotembea. Mama mdogo akapanga twende kwa miguu kupitia daraja la watembea kwa miguu, halafu tramu wakati wa kurudi.

Kijana wa Uvira akaja asubuhi, shati limepigwa pasi. Nikaanza kupata wasiwasi. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kusema, tena kwa uchangamfu: "Mi nitawasindikiza mpaka kwa daraja."

Daraja lenyewe ni zuri, msomaji wangu. Limejengwa mwaka 2004, lina njia mbili zilizopinda kama pinde, zinakutana katikati ya mto kwenye jukwaa dogo ambapo watu wanakaa kupiga picha. Pande zote mbili kuna bustani, imefanywa kama bustani moja iliyokatwa na maji. Hakuna geti. Hakuna mlinzi. Hakuna hata mstari. Tarehe 4 Aprili 2009 marais na mawaziri wakuu wa nchi za NATO walipita hapo hapo: Kansela Merkel akawaongoza kutoka Kehl, Obama akiwemo, wakaenda kumkuta Rais Sarkozy katikati. Waliotoa kali ya mwaka ni Waitaliano, maana waziri mkuu wao Berlusconi alibaki ukingoni anaongea na simu mpaka wenzake wakavuka bila yeye. Na mwaka 2020, wakati wa korona, kuanzia Machi mpaka katikati ya Juni daraja hili liliwekewa uzio. Waliokuwa na wachumba ng'ambo walikiona.

Tulipofika mwanzo wa daraja kijana akasimama. Mgeni wetu akaendelea hatua tano sita, akageuka.

"Vipi, huji?"

"Leo siendi."

"Lakini Alhamisi ulikuja."

Kimya. Mdogo wangu, ambaye ni mtoto na ana moyo, akasema kwa Kiswahili ili mgeni asielewe: "Mama, twende naye tu. Angalia, hakuna polisi hata mmoja. Saa tatu tu tumerudi."

Nakwambia ukweli, hata mimi niliona ni sawa. Daraja jeupe, jua linawaka, watoto wa Kifaransa wanapita na baiskeli, mbwa wanapita. Mbwa, msomaji wangu! Mbwa alikuwa anavuka mpaka na kurudi kufuata mpira.

Mama mdogo akatikisa kichwa. "Mwenzio ana faili. Akikamatwa ng'ambo, si faili lake peke yake. Ni la mama yake na la wadogo zake. Sitaliweka juu ya saa na jogoo."

Kijana akamgeukia yule binti wa Kipolandi, akamweleza kwa Kijerumani cha pole pole ili aelewe. Kwamba Alhamisi alikuwa na karatasi ya shule. Kwamba karatasi ni ya siku ile na ya mwalimu yule. Kisha akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chetu, "Yaya, mto ni ule ule. Karatasi njo haiko."

Sasa nieleze kilichonikaba. Mimi nilikuwa na viza ya matembezi, siku 90. Lugha yao siijui zaidi ya asante na samahani. Sijasoma shule yao, sijapima maji ya mto wao. Na mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kuvuka. Yeye aliyekaa pale miaka mitatu, anayejua kila kituo cha tramu, ndiye wa kubaki.

Binti wa Kipolandi akasema basi na yeye habaki nyuma kumwacha, hataki tena kanisa. Kijana akakataa. Akamwambia aende, arekodi yule jogoo kwenye simu, amletee. Wakabishana. Mwisho mama mdogo akaamua kama mama: mgeni aende, maana kesho asubuhi anaondoka, kapu la chakula libaki na kijana, akawachukue wadogo zake waje bustanini upande wa Kehl, na sisi tukirudi tule wote pamoja hapo ukingoni.

Tukavuka. Hakuna aliyeongea mpaka tumefika katikati.

Kanisa la Strasbourg ni kitu cha kuona. Mnara wake ni mmoja tu, urefu mita 142, na kuanzia mwaka 1647 mpaka 1874 hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Ndani kuna hiyo saa, mitambo yake ya sasa ilitengenezwa na fundi Schwilgué, ikakamilika mwaka 1842. Ikifika saa sita na nusu mchana sanamu za mitume zinapita mbele ya Yesu moja moja, na jogoo juu pembeni anapiga mbawa na kuwika mara tatu. Watu wamefurika, shingo zimepinda. Binti wa watu alinyanyua simu toka mtume wa kwanza mpaka jogoo wa mwisho, mkono haukushuka. Hata hakuangalia kwa macho yake vizuri, aliangalia kwenye kioo cha simu.

Tulipotoka akatupeleka Place de la République kutuonyesha walichoona Alhamisi. Kuna sanamu ya mwaka 1936, kazi ya Drivier: mama amekaa, amewashika wanawe wawili wanaokufa. Hawana sare, wako uchi wote wawili. Ni kwa sababu mji ule ulichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, ukarudi Ufaransa mwaka 1918, ukachukuliwa tena mwaka 1940, ukarudi tena mwaka 1944. Katika vita ya kwanza vijana wake wengi walivalishwa sare za Kijerumani, na wengine wakapigana upande wa Ufaransa. Sasa utaandika walikufa kwa ajili ya nchi gani? Wakaandika tu kwamba ni wafu wao. Mama mdogo alisimama pale muda mrefu. Babu wa babu yetu alibebeshwa mizigo na Wajerumani katika vita hiyo hiyo, kule Tanganyika, na hakurudi. Hakusema kitu, ila nilijua anawaza nini.

Wakati wa kurudi tukapanda tramu. Kituo cha kwanza upande wa Kehl, milango ikafunguka: polisi. Watatu. Mama mdogo akanikanyaga mguu taratibu. Mdogo wangu akatoa kitambulisho, binti wa Kipolandi akatoa chake, hawakuangaliwa hata sekunde mbili. Mimi pasi yangu ikafunuliwa ukurasa kwa ukurasa. Polisi akahesabu siku kwa vidole, akanirudishia, akanitakia siku njema. Nikaangalia kiti kilichokuwa wazi pembeni yetu. Mdogo wangu naye alikuwa anakiangalia. Kuanzia hapo hakurudia tena maneno ya "twende naye tu".

Bustanini tuliwakuta watatu kwenye nyasi, kijana na wadogo zake, kapu halijaguswa. Walikuwa wanatusubiri, kama watu waliolelewa. Tukala chapati baridi, kuku na stroberi za mashamba ya jirani. Simu ikatolewa, jogoo akawika. Yule mdogo wa mwisho, miaka sita, akaomba arudishiwe mara nane, halafu akaanza kuwika yeye mwenyewe kukimbia ukingoni, mpaka watu wa upande wa Ufaransa wakawa wanampungia mkono.

Tangu nirudi Bongo watu wananiuliza, hivi safari hizi za wanafunzi faida yake nini, si kutembea tu na kula? Mimi nawajibu kwa nilichokiona. Wale watoto walikuja kupima maji, wakaondoka wamejua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu cha jiografia. Mhispania amejua kuwa saa ya kula si sheria ya Mungu. Binti wa Kipolandi, ambaye alivuka mpaka akiwa usingizini, amejua kuwa kuna mwenzake wa rika lake anayeuvuka kwa muhuri. Na kijana wa Uvira amejua kuwa kuna karatasi moja Ulaya nzima ambayo kwanza inamwita mwanafunzi, mengine baadaye. Ni ya siku moja, lakini ipo. Mtu fulani alikaa ofisini mwaka 1994 akamfikiria mtoto kama yeye. Na mwalimu mmoja alikubali kuifuatilia kuanzia Februari mpaka Mei kwa ajili ya safari ya tramu ya dakika chache. Huo mradi wenyewe kwa shule ulianza na jina la mwalimu mkimbizi. Ungekuwa kituko kama ungewaacha wakimbizi ukingoni.

Tena si lazima Ulaya. Shule ya Tarime na shule ya Migori zina nini cha kuzizuia kubadilishana watoto wiki moja, wakalala kwa wenzao, wakala ugali wa ng'ambo? Walimu mnaosoma ukurasa huu, wazo ndilo hilo, halina hakimiliki.

Jumapili asubuhi basi la Wapolandi likaondoka. Vilio kama msibani, wasichana kwa wavulana. Tuliporudi nyumbani tukakuta zile ndala za ndani zimepangwa vizuri chini ya kitanda. Mama mdogo akasema amezisahau, tumtumie kwa posta. Mdogo wangu akasema hakuzisahau, ameziacha makusudi, kwa kuwa atarudi.

Safari ya Wrocław ilipangwa mwezi wa kumi. Orodha mpya iliandikwa kabla sijaondoka, safari hii ina watoto watano, na kijana wetu ni namba mbili. Siku napanda ndege mapema Agosti, karatasi ilikuwa imeshapelekwa kwa karani, inasubiri muhuri.

Haya, wiki ijayo nitawaeleza jinsi Wajerumani wanavyotenganisha takataka ndani ya mapipa manne, na nilivyogombezwa na bibi wa ghorofa ya chini. Mpaka hapo, tuombeane uzima.